Muulize Fundi: Bunduki ya joto inasema 52, geji inasema 99

SUALI: Assalamu alaykum Fundi. Sisi tuko Wete tunachemsha majani ya mkarafuu tunatoa mafuta. Tangi letu ni stenlesi jipya linang'aa, juu lina geji ya mshale inakaa 99 mpaka 100. Sasa mwenzetu kaleta bunduki ya kupimia joto, ukipiga ubavuni pa tangi inatoa 52, ukisogea kidogo 45, na mkono ukigusa pale unaungua! Wenzangu washaanza kusema geji imekufa tuing'oe. Tufate ipi?

JAWABU: Waalaykumu salaam. Msiing'oe jamani. Bunduki haioni mvuke wa ndani, inakamata mionzi ya joto inotoka juu ya ngozi ya kitu, na kila kitu kina tabia yake. Mbao, ukuta wa rangi, ngozi ya mtu, hivi vinatoa karibu yote ndo mana bunduki nyingi za bei rahisi zimefungwa kiwandani kwenye 0.95, yaani zinahesabu kila kitu kinatoa asilimia 95 ya mionzi hiyo, na huwezi kubadilisha. Stenlesi inong'aa inatoa kidogo mno, inobaki ni mionzi ya banda na nyinyi wenyewe mlosimama pale inagonga chuma inarudi, kwa hivyo hiyo 52 si ya tangi peke yake.

Tangi likipoa pakeni kiraka upana wa kiganja kwa rangi nyeusi isong'aa, ile ya kuhimili moto, ikikosekana hata masizi mazito ya chini ya chungu yanafaa. Likichemka pigeni hapo hapo kwenye kiraka, mtaona inaruka mpaka tisini na kitu. Kuwa chini ya geji kidogo si kosa, nje kunapigwa na upepo. Na sogeeni karibu: bunduki ilioandikwa 12:1 ukiwa sentimita 120 inakusanya duara la sentimita 10, ile taa nyekundu inaonesha unapolenga tu.

Geji nayo ijaribuni, ifungueni moto wa tangi umezimwa na mvuke umekwisha. Kisha mkia wake mzima ndani ya sufuria ya maji yanotokota bila kugusa sufuria. Pemba tuko usawa wa bahari, maji yanachemka 100, ikisema hivyo basi nzima.

SUALI: Fundi, chumba chetu cha baridi cha samaki hapa Malindi kilikuwa kinaonesha -18, tokea kuungwa waya wa sensa kinaonesha -14 na kompresa haipumziki. Sensa ni Pt100. Gesi imepungua?

JAWABU: Kabla hujamwita mtu wa gesi angalia hicho kiungo. Pt100 ni waya wa platini, joto likipanda unazidi kuzuia umeme, na kidhibiti kinasoma joto kwa kipimo hicho cha kuzuia, omu. Ina omu 100 kwenye 0, na digrii moja ni omu 0.385 tu. Waya uliosokotwa kwa mkono ukaliwa na chumvi unaongeza omu moja na nusu kirahisi, hizo ni digrii nne za uongo, samaki wako -18 vile vile na umeme unakwenda bure. Kata, unga upya kwa terminali safi ndani ya kisanduku kisoingia maji, na kama sensa ina waya tatu zifike zote tatu kwenye kidhibiti, nawaona wengi wanaiacha moja inaning'inia. Halafu ponda barafu, tia maji kidogo kwenye chupa ya chai, koroga, tumbukiza sensa. Lazima isome 0.