Shajara za Charles G. Dawes

Je, shajara za Charles G. Dawes, mwenye benki na mwanasiasa wa Marekani aliyewahi kuwa makamu wa rais, zilifungiwa hadi afe? Hapana, hazikufungiwa. Nyingi alizichapisha mwenyewe akiwa hai. Zile za Vita vya Kwanza vya Dunia, alipokuwa Ufaransa akisimamia ununuzi wa mahitaji ya jeshi la Marekani, zilitoka 1921 kwa juzuu mbili. Za mazungumzo ya fidia ya vita iliyodaiwa Ujerumani, yaliyomletea Nobeli ya Amani ya 1925, zilichapishwa 1939, mwaka uleule na za ubalozi wake London. Zilizochelewa ni za enzi za Rais McKinley wa Marekani, ambazo kwangu ndizo tamu kuliko zote. Hizo zilitoka 1950, na hata hapo mzee alikuwepo. Alifariki Aprili 1951.

Ukitaka makaratasi yenyewe, si vitabu, ulizia maktaba ya Chuo Kikuu cha Northwestern kule Evanston, mji aliokuwa akiishi, jirani na Chicago.

Ila kumbuka, mtu akichapisha shajara yake mwenyewe, yeye ndiye anayeamua msomaji aone nini. Kwa mambo nyeti kama mkopo wa dola milioni 90 ambao benki yake ya Chicago ilipewa mwaka 1932 na shirika la serikali, muda mfupi tu baada ya yeye kuacha kuliongoza shirika hilohilo, usimtegemee yeye peke yake. Soma na kumbukumbu za serikali za wakati ule.