Barua ya hakimiliki kutoka kampuni ya intaneti: je, jina langu limeshatolewa?

SWALI: Salaam kaka mhandisi. Naishi Ottawa na mwanangu wa miaka 16, na nimepangisha vyumba viwili kwa wanafunzi. Wote tunatumia Wi-Fi moja. Wiki iliyopita kampuni inayoniuzia intaneti ilinitumia barua pepe ikisema albamu ya muziki imesambazwa kwa torenti kupitia anwani ya IP ya akaunti yangu, tarehe 14 Januari saa 03:10 UTC. Saa hizo nyumba nzima tulikuwa tumelala. Nimemuuliza kila mmoja, hakuna aliyekiri. Walijuaje? Wameshapewa jina langu? Nikiwaandikia nilipe yaishe, wataniacha? Na mdogo wangu yuko Dar es Salaam, kila siku anapakua nyimbo kwenye simu na hajawahi kupata barua yoyote. Huko hawaonekani?

JIBU: Dada yangu, nianze na lile linalokukosesha usingizi. Kwa maelezo uliyonipa, jina lako halijatolewa. Barua imepitia kwa kampuni yako kwa sababu mwenye hakimiliki hakujui. Alichokuwa nacho ni anwani ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, na saa. Alitazama anwani hiyo ni ya kampuni gani, akaipelekea taarifa, na kampuni ikaangalia kumbukumbu zake na kukufikishia wewe. Tangu Januari 2015 sheria ya hakimiliki ya Kanada inailazimisha kampuni ya intaneti kufanya hivyo: imfikishie mteja taarifa, imwambie mlalamikaji kwamba imefika, kisha itunze kumbukumbu zinazomtambulisha mteja huyo kwa miezi 6. Mlalamikaji akifungua kesi na kuiarifu kampuni kabla muda huo haujaisha, kumbukumbu zinatunzwa hadi mwaka mmoja. Kumpa mlalamikaji jina lako si sehemu ya wajibu huo. Kwa jina, lazima aende mahakamani.

Walijuaje? Hakuna aliyeingia kwenye kompyuta yako. Faili la torenti halikai kwenye seva moja; limegawanywa vipande, na kila anayelipakua anawagawia wenzake vipande alivyokwisha kuvipata. Ili vipande visafiri, kompyuta zote zilizo kwenye kundi hilo lazima zionane anwani ya IP na namba ya poti, yaani namba ya mlango ambao programu inautumia. Kampuni za ufuatiliaji zinazoajiriwa na wenye haki huingia kwenye kundi kama mshiriki mwingine yeyote, huomba kipande, hukihakiki kwamba kweli ni cha albamu ile, kisha huandika anwani, poti, tarehe na saa. Kwa maneno mengine, waliona kile ambacho kila mshiriki wa kundi anaweza kukiona.

Hapo kwenye saa nina jambo ambalo hutalipenda. UTC, saa ya pamoja ya dunia, si saa ya Ottawa. Wakati wa baridi Ottawa iko nyuma kwa saa tano, kwa hiyo 03:10 UTC ya tarehe 14 ni saa nne na dakika kumi usiku wa tarehe 13. Labda hamkuwa mmelala. Waulize tena wapangaji na mwanao kwa saa hiyo sahihi kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba nyumba ilikuwa kimya.

Ubadilishaji huo wa saa ndipo pia makosa mengi huzaliwa upande wa kampuni. Modemu yako haimiliki anwani ya IP, inaazimwa. Mara nyingi inabaki nayo kwa siku nyingi, lakini ikizimwa kwa muda au mtandao ukifanyiwa marekebisho, anwani inaweza kwenda kwa mteja mwingine. Mfanyakazi akisoma kumbukumbu kwa saa ya Ottawa badala ya UTC, au akisahau kwamba majira yalibadilika na tofauti ikawa saa nne, anaweza kuchukua jina la mtu ambaye hakuhusika kabisa. Na hata akisoma sawasawa, anachokipata ni jina la anayelipa bili. Ruta yako inaficha vifaa vyote vya nyumbani nyuma ya anwani moja: simu ya mwanao, kompyuta za wapangaji, na za wageni wote mliowahi kuwapa nywila. Kutoka nje, vyote ni kitu kimoja.

Mahakama za Kanada zimelielewa jambo hili mapema, na kesi iliyoweka msingi ilihusu muziki. Mwanzoni mwa 2004 kampuni za kurekodi, BMG Canada ikiwa mbele, ziliiomba Mahakama ya Shirikisho iziamuru kampuni tano za intaneti, yaani Shaw, Telus, Rogers, Bell na Videotron, zitoe majina ya watu 29. Zilidai kila mmoja amesambaza zaidi ya nyimbo elfu moja kupitia Kazaa na iMesh, programu za kushirikiana mafaili. Kliniki ya sheria ya CIPPIC, ya Chuo Kikuu cha Ottawa hapo hapo mjini kwenu, iliingia kwenye kesi kutetea faragha. Tarehe 31 Machi 2004 Jaji Konrad von Finckenstein alikataa ombi.

Sababu zake nazipenda kwa jicho la fundi, kwa sababu aliuliza maswali ambayo mhandisi yeyote makini angeuliza. Hati ya kiapo ilitolewa na mkuu wa MediaSentry, kampuni iliyofanya ufuatiliaji, lakini mambo mengi aliyoyaapia alikuwa ameambiwa na wafanyakazi wake; ulikuwa ushahidi wa kusikia. Nyimbo zenyewe hakuwa amezisikiliza. Kampuni hiyo hiyo ilikuwa na huduma ya kumwaga mafaili bandia kwenye mitandao ya kushirikiana ili kuwavuruga watumiaji, sasa nani angehakikisha kwamba faili lililoonekana si mojawapo ya hayo bandia? Na zito kuliko yote: hakuna kilichoonyesha jina la utani la mtumiaji wa Kazaa liliunganishwaje na anwani fulani ya IP. Bila kiungo hicho, alisema, mahakama ingeweza kumfichua mtu asiyehusika. Aliongeza pia kwamba kuweka nyimbo kwenye folda iliyo wazi si lazima kuwe kuzisambaza kisheria, jambo lililozua mabishano makubwa.

Mei 2005 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho iliacha matokeo yabaki vilevile ila ikarekebisha vigezo. Ilisema mlalamikaji hahitaji kuthibitisha kesi yake kabla ya kupata jina; inatosha awe na dai la kweli, lenye nia ya dhati ya kushtaki. Na ikaliacha swali la hakimiliki lisubiri kesi kamili. Lakini ilisisitiza mambo mawili ninayoyakumbuka kila ninapoona kumbukumbu za mtandao. La kwanza, ushahidi ukicheleweshwa unazeeka: kadiri siku zinavyopita kati ya kuonekana kwa anwani na kuombwa kwa jina, ndivyo hatari ya kumtaja asiyehusika inavyokua. La pili, hata amri ikitolewa, faragha iguswe kwa kiasi kidogo iwezekanavyo, na wanaodai wasivune taarifa zaidi ya zile za hakimiliki.

Baadaye kampuni za filamu ndizo zilizoshika njia hiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu, katika mgogoro wa Rogers na kampuni ya Voltage, iliamua kwamba kampuni ya intaneti inaweza kumtoza mwenye hakimiliki gharama halali za kutekeleza amri ya kutoa jina. Rogers ilikuwa ikitoza dola 100 kwa saa. Uamuzi huo unamlinda mteja kuliko unavyoonekana, maana kudai majina elfu kwa mkupuo kunakuwa ghali. Kisha 2023 Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikagusa hali kama yako moja kwa moja: Voltage ilitaka hukumu dhidi ya wateja ambao hata hawakujitetea, kwa hoja kwamba akaunti ni yao. Ikakataliwa. Kuwa mwenye akaunti peke yake hakuthibitishi kwamba wewe ndiye uliyesambaza, wala kwamba uliruhusu.

Ungekuwa ng'ambo ya mpaka, Marekani, ningekuandikia kwa wasiwasi zaidi. Sheria yao ya hakimiliki ya 1998 ilikuwa na kifungu kilichotumika kudai jina kwa hati iliyosainiwa na karani wa mahakama, bila jaji kupima chochote. Chama cha kampuni za muziki, RIAA, kilikitumia dhidi ya Verizon, kampuni ya intaneti. Verizon ilikataa, ikashindwa Januari 2003, ikakata rufaa, na tarehe 19 Desemba 2003 Mahakama ya Rufaa ya Washington ikasema kifungu hicho hakiigusi kampuni inayopitisha data tu, wakati faili lenyewe liko kwenye kompyuta ya mteja. Lakini rufaa ikiwa bado inasubiriwa, majina mengi yalishatoka. Septemba mwaka huo RIAA ilifungua kesi 261 kwa siku moja, na miongoni mwa waliotajwa alikuwamo msichana wa miaka 12 wa New York. Mama yake alilipa dola 2,000 yaishe. Mwanamke mmoja wa Minnesota alihukumiwa dola 222,000 kwa nyimbo 24. Kesi iliporudiwa, baraza la raia wanaoamua kesi likapandisha hadi dola milioni 1.92, na baada ya miaka mingi ikarudi palepale, 222,000. Desemba 2008 RIAA ilitangaza kuacha kuwashtaki watu kwa wingi hivyo.

Mimi sitetei usambazaji. Msanii amelipia studio, amelipia mtayarishaji, na anastahili malipo ya kazi yake. Ninachokipinga kwa nguvu zote ni mtu kufichuliwa na kutishwa kwa sababu ya mstari mmoja kwenye kumbukumbu ambao hakuna jaji aliyeupima.

Kuhusu mdogo wako. Kwanza, barua ya namna hii inatokana na sheria ya Kanada, haiwezi kumfuata Dar. Pili, akishusha wimbo moja kwa moja kutoka kwenye tovuti, anwani yake inaonekana kwa tovuti ile na kwa kampuni yake ya simu, haiko wazi kwa kundi zima kama kwenye torenti. Tatu, anwani za IPv4, yaani anwani za IP za mtindo wa zamani, ni haba. Akiba kuu ya dunia iligawiwa ikaisha Februari 2011, kwa hiyo mitandao ya simu huwaweka wateja wengi kwa pamoja nyuma ya anwani moja ya nje. Mpelelezi akileta anwani na saa tu, kampuni haiwezi kusema ni nani kati yao. Inahitaji namba ya poti na saa iliyonyooka hadi sekunde. Ila asijidanganye. Laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), kwa hiyo kumbukumbu ikikamilika inamfikia yeye mwenyewe kwa ukaribu zaidi kuliko modemu yako inavyokufikia wewe. Kinachosimama katikati ni sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Akae nazo karibu.

Sasa wewe ufanye nini. Usiwaandikie kutaka kulipa. Ukifanya hivyo utakuwa umewapa bure jina ambalo wangelazimika kuliomba mahakamani kwa gharama, na huenda pia umekiri kosa usilolitenda. Soma barua vizuri: tangu Desemba 2018 taarifa hizi haziruhusiwi kudai pesa, kuomba taarifa binafsi wala kuweka kiungo cha kukupeleka kwenye malipo. Ikiwa yako ina kimojawapo, imevunja sheria, na inawezekana hata ni ulaghai. Piga simu kwa kampuni yako kwa namba iliyo kwenye bili, si ile ya kwenye barua.

Barua usiifute, itunze pamoja na tarehe uliyoipokea. Badilisha nywila ya Wi-Fi leo. Kama ruta yako inaweza, wapangaji wafungulie mtandao wa wageni wenye nywila yake. Kaa na mwanao bila kumtisha, muombe akuonyeshe kama ana programu ya torenti. Watu wengi hawajui kwamba programu hizo zinaendelea kugawa faili hata baada ya upakuaji kumalizika; ikiwepo, izimwe na iondolewe kabisa. Mkataba wako na wapangaji uongezwe kifungu cha matumizi ya intaneti, kwa maandishi.

Na ujue ukubwa halisi wa hatari. Kwa usambazaji usio wa biashara, fidia iliyowekwa na sheria ya Kanada ni kati ya dola 100 na 5,000 kwa makosa yote ya kesi kwa pamoja, wakati Marekani kila wimbo unaanzia dola 750.

Barua pepe moja haimaanishi umeshtakiwa. Lakini siku ukikabidhiwa hati ya madai yenye muhuri wa mahakama, mambo yamebadilika, na hapo usinisubiri mimi. Ukikaa kimya, mlalamikaji anaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Voltage ilinyimwa, lakini mwingine mwenye ushahidi bora anaweza kuipata. Mahakama ya Shirikisho inampa mdaiwa aliyeko Kanada siku 30 za kujibu, zinazohesabiwa tangu siku aliyokabidhiwa hati. Tafuta wakili wiki hiyo hiyo, mpelekee barua uliyoitunza, orodha ya waliokuwa wakitumia Wi-Fi, na ile saa nne na dakika kumi usiku.