Mkono unavutwa kabla hujasikia moto

Dada uliyeuliza kwa nini mkono wako uliruka kwenye jiko la mahindi choma pale Kawangware kabla hata hujasikia maumivu: kilichouvuta mkono si ubongo. Ni uti wa mgongo.

Neva za kidoleni zikigusa moto hupeleka habari hadi kwenye ugwe wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, na papo hapo amri inarudi kwa misuli ya mkono: vuta! Habari hiyohiyo inaendelea kupanda ubongoni, ila ikifika huko na wewe kuanza kupiga kelele, mkono umeshaondoka zamani.

Halafu kuna lile la kuumia mara mbili. Kwanza mchomo mkali, kisha maumivu ya kufukuta yanayokaa. Hizo ni nyuzi za neva za aina mbili tofauti: zile zenye ala (ganda) ya mafuta husafirisha habari kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde, zisizo na ala hazizidi mita 2 hivi. Kwa hiyo maumivu ya pili yanachelewa tu njiani.

Lakini wanaosema kwamba ubongo hauna kazi kabisa hapo wamezidisha. Ubongo unaweza kuizuia amri ya uti wa mgongo. Ndiyo maana mtu aliyebeba sufuria ya chai ya moto, na mtoto yuko miguuni, anakaza meno hadi aitue mezani. Vidole vitaungua, lakini haiachilii.