Moonbeam: adui anarusha dadu ya kujinusuru lini?
Umeuliza kama adui aliyesimama pale Moonbeam (uchawi wa nguzo ya mwanga unaoumiza) inaposhuka anarusha dadu ya kujinusuru, yaani ya kupunguza madhara, papo hapo. Inategemea mnatumia kanuni za mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons za mwaka gani. Kwa za 2014, hapana: anarusha akianza zamu yake ndani ya mwanga, au akiingia kwa mara ya kwanza katika zamu. Ukimsogezea mwanga, yeye hajaingia. Akisukumwa ndani, ameingia. Hapa ndipo watu hugombana sana. Za 2024 ziko wazi zaidi: anarusha mwanga ukitokea juu yake, ukimfikia, akiingia au akimaliza zamu ndani, ila mara moja tu kwa kila zamu. Tafadhali msichanganye matoleo. Mkichanganya, mtamuumiza adui mwanzo na mwisho wa zamu ileile.