Jibu: Maduka yenye kitu cha pekee Nairobi, nina Jumamosi moja tu

Ndugu, kwa kuwa umesema maduka ya mall yamekuchosha, anzia Kenyatta Market. Watu huenda kwa nyama choma na kusuka nywele, lakini humo ndani kuna kibanda nambari 570 cha santuri: benga, rumba ya Kongo, taarab, hata za kizungu. Usikimbilie jalada. Itoe santuri, iinamishe kwenye mwanga uone mikwaruzo, kisha mwombe muuzaji aiweke kwenye mashine. Ukishasikia gitaa likichomoza katikati ya ule mkwaruzo kama wa mafuta kikaangoni, saa mbili zimekwenda. Mimi huenda na pesa kidogo makusudi.

Kutoka hapo panda hadi Mtaa wa Biashara mjini, upate kanga na vikoi. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, na lazima usome jina, yaani msemo ulioandikwa juu yake, kabla hujalipa. Niliwahi kumpelekea mama mkwe doti yenye kijembe bila kusoma. Alicheka, lakini mke wangu hakucheka.

Soko la Kariokor ukipata muda, kwa vyondo (vikapu vya kusuka) na viatu vya ngozi. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza. Bei ya kwanza usiikubali.

Kazuri kule Karen, wanaofinyanga shanga za udongo tangu 1975, ni pazuri mno, ila kwa siku moja na foleni zetu hutafika. Iache.