Unaanza kazi kwenye mifumo ya zamani? Ushauri wangu kuhusu kupitisha parameta kati ya Cobol, Fortran na C

Salaam wadogo zangu. Naandika hapa Tanga, Chumbageni, baada ya kijana mmoja tuliyempokea kazini kukaa siku nzima na programu ya Cobol inayoita fankisheni ya C na kuipa parameta, yaani vitu vya kufanyia kazi, kila jibu linalorudi ni takataka, mpaka jioni akawa ameshaamini kompaila ni mbovu. Kompaila haikuwa mbovu. Nikamwelekeza yeye, halafu nikaona wako wengi wanaoingia kazini siku hizi wanakuta mfumo wa mishahara au wa stoo ulioandikwa kabla hawajazaliwa, wanaambiwa uunganishe na kitu kipya, na chuoni hakuna aliyewafundisha hata herufi moja ya mambo haya.

Kitu cha kwanza naomba ukielewe vizuri kabisa kabla hujagusa kibodi. Ukiandika programu nzima kwa lugha moja kompaila anakulinda, ukituma herufi mahali panapotaka namba anakupigia kelele. Ukivuka kwenda lugha nyingine ulinzi huo haupo tena, kompaila wa Cobol hajui C imeandika nini na wa C hajui Cobol imeandika nini, na linka anayewaunganisha mwishoni anachoangalia ni jina tu, jina likifanana basi kwake kazi imeisha. Yale majina mazuri uliyoyaweka, UJIRA, SIKU, JINA-LA-SHAMBA, yanabaki upande uliyoyaandika. Kinachovuka ni baiti, au anwani, yaani namba ya mahali baiti zilipo kwenye memori, na upande wa pili unazisoma kwa mazoea yake.

Na mazoea yao yanatofautiana kwa sababu hazikuzaliwa pamoja. Fortran ilitoka IBM mwaka 1957 kwa ajili ya hesabu za wanasayansi, Cobol ikaja 1959 na 1960 kwa ajili ya maofisi na hesabu za pesa, C ikazaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya kuandikia Unix. Hakuna aliyekuwa anamfikiria mwenzake.

Sasa chukua mfano wa daftari la mkopo la dukani. Mangi anaweza kukupa daftari lenyewe ukaenda nalo nyumbani, ukifuta deni limefutika kweli, na anaweza kukutolea fotokopi, hapo futa utakavyo daftari lake liko vilevile. Cobol usipoiambia kitu inakupa daftari lenyewe, ndiyo BY REFERENCE, yaani inatuma anwani ya kigeu chake. Ukiandika BY CONTENT inatoa fotokopi halafu inatuma anwani ya ile fotokopi, na hapa wengi wanadanganyika wanadhani wametuma namba, hapana, bado ni anwani. BY VALUE ndiyo inatuma namba yenyewe. Fortran ya kawaida inatarajia anwani kwa kila kitu, hata namba moja tu. C inatuma namba yenyewe, ukitaka anwani lazima uweke mwenyewe pointa, yaani kigeu kinachobeba anwani.

Ugonjwa wa hapa ukishauzoea unautambua kwa dalili. C ikituma 26 kama namba na Fortran inangoja anwani, Fortran itakwenda kutafuta kitu kwenye anwani 26 ya memori, programu inakufa palepale, na ukifungua dibaga, programu ya kuchunguzia makosa, utaona anwani iliyoguswa ni 0x1a, ambayo ndiyo ileile 26 kwa heksa, yaani hesabu ya msingi wa 16, kwa hiyo ukiona programu imefia kwenye anwani ndogo namna hiyo jua kuna mtu ametuma namba penye kutakiwa anwani. Kinyume chake Cobol imetuma anwani na C imeandikwa kupokea int ya kawaida, hapo haifi, inaendelea vizuri kabisa na namba kubwa ya ajabu, na ukiiendesha mara ya pili mara nyingi namba inabadilika. Namba inayobadilika kila ukiendesha wakati data ni ileile, hiyo ni anwani, usiende kutafuta kosa kwenye hesabu.

Kuna na la zamani ambalo wakongwe wa Fortran watakusimulia. Unaita subrutini ukituma 1 moja kwa moja, CALL ONGEZA(1), ndani ya subrutini mtu anaongeza moja kwenye parameta, na kwa kuwa kilichotumwa ni anwani ya mahali kompaila ameweka ile 1, basi kuanzia hapo kila palipoandikwa 1 kwenye programu panaweza kusoma 2. Kompaila za siku hizi mara nyingi zinaweka namba za namna hiyo kwenye memori isiyoandikika, kwa hiyo programu inakufa badala ya kukudanganya, na kufa ni afadhali mara mia.

Niwasimulie la kwangu mimi lililonifundisha. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ofisi moja hapa mjini, inahesabu malipo ya vibarua wa shamba la mkonge. Cobol inasoma rekodi za vibarua kisha inaita fankisheni ya C niliyoiandika mimi. Rekodi ilikuwa fupi tu: AINA ni PIC X, yaani herufi moja, SIKU ni PIC S9(4) COMP-5, namba ya baiti mbili, UJIRA ni PIC S9(9) COMP-5, namba ya baiti nne. Upande wa C nikaandika struct, yaani rekodi ya C, yenye char, short na int, kwa mpangilio uleule, nikaona mambo safi. Nikaendesha. Kibarua wa kwanza wa kwenye orodha, aina K, akatoka amefanya kazi siku hasi 4096 na analipwa shilingi 1,258,291,910.

Siku tatu nilikuwa natafuta kosa kwenye kuzidisha na kugawanya. Siku ya tatu mama mmoja mtu mzima aliyekuwa ndiye mkuu wetu, kaanza kazi enzi za kadi za kutoboa, akasimama nyuma ya kiti changu akaniuliza, "Mwanangu, baiti umeziangalia?" Nikamwambia shikamoo mama, nimeangalia programu yote. Akasema, "Sikukuuliza programu." Akanifanya nitoe baiti za rekodi ile kwa heksa, nikaziprinti kwenye karatasi, akavuta kiti akakaa, akachukua biro. Zilikuwa hizi:

4B 1A 00 F0 C6 02 00

Akachora mstari baada ya 4B, hiyo ni herufi K. Akachora mwingine baada ya 1A 00, hiyo ni 26, siku, maana kwenye PC baiti ndogo inatangulia. F0 C6 02 00 zilizobaki ni 182,000, ujira wa siku 26 kwa 7,000. Kila kitu kiko sahihi, Cobol haijakosea hata baiti moja, jumla 7. Halafu akaniuliza C yako inaamini siku inaanzia wapi. Hapo ndipo nikaelewa. Cobol inapanga vitu vimebanana bila nafasi, isipokuwa umeiambia SYNC, neno la kuipanga kwa mipaka ya mashine. C inapenda short ianzie kwenye namba shufwa na int kwenye namba inayogawanyika kwa nne, kwa hiyo inaacha baiti moja tupu baada ya char, na struct yangu ikawa baiti 8. Ikaenda kusoma siku kwenye 00 F0, ndiyo ile hasi 4096, na ujira ikausoma kwenye C6 02 00 ikaazima na baiti ya kwanza ya kibarua anayefuata, 4B, ile K yake. Yale mabilioni yalikuwa na herufi ya mtu mwingine ndani yake. Na kwa kuwa C inaruka baiti 8 na Cobol 7, kila kibarua anayefuata anazidi kusogea.

Nikataka kuongeza FILLER, uga wa kujazia nafasi tu, ya baiti moja kwenye rekodi ya Cobol ili zilingane, mama akanizuia mkono kabisa. Rekodi ileile, akasema, ndiyo inayosoma mafaili ya miaka yote yaliyoko kwenye diski, ukiongeza baiti moja hapo umeharibu kusoma kila faili la zamani. Tukarekebisha upande wa C kwa pragma pack, agizo la kumzuia kompaila kuacha nafasi tupu, struct ikabanana, kibarua akapata 182,000 yake. Hili naomba mlishike: unapounganisha kipya na cha zamani, kipya ndicho kinachojipinda. Data ya zamani ina watu wengi wanaoitegemea ambao wewe huwajui hata majina, na wale vibarua wanaongoja mshahara hawana habari na struct yako.

Karatasi ile ninayo mpaka leo.

Namba zenyewe nazo zina mitego. Mimi nilikuwa na COMP-5, ambayo inakaa kama mashine inavyotaka, ukikuta COMP ya kawaida kwenye GnuCOBOL, kompaila ya Cobol ya bure, yenyewe kwa kawaida inaweka baiti kubwa mbele, wakati PC zetu zinasoma ndogo mbele. Ukituma 1 ya baiti nne inafika 16,777,216, namba hiyo ikariri kama namba ya simu ya nyumbani, ukiiona tu jua baiti zimepinduka. COMP-3 ndiyo inawatesa zaidi wageni, huko kila tarakimu inakaa kwenye nusu baiti na nusu ya mwisho ni alama, heksa C ya chanya na D ya hasi. Shilingi 1250.75 kwenye PIC S9(7)V99 COMP-3 inakaa hivi: 00 01 25 07 5C. Nukta haipo popote, ile V iko kwenye maandishi ya programu tu, anayepokea lazima aambiwe kwamba tarakimu mbili za mwisho ni senti. C haina aina ya namba hiyo, usijaribu kuipokea kama int wala double. Ama uandike fankisheni ya kuifungua nusu baiti kwa nusu baiti, ama, na ndivyo ninavyofanya mimi, Cobol yenyewe iihamishe kwanza kwa MOVE kwenda kwenye kigeu cha COMP-5 chenye V99 ileile, ambacho ndani yake kinakaa kama hesabu ya senti nzima, halafu itume hicho. Pesa msizipitishe kwenye double jamani, kwa sababu senti zinapotea.

Maneno sasa. PIC X(20) yenye MKONGE ina herufi 6 na nafasi tupu 14, basi. C inatafuta baiti ya sifuri ijue neno limeishia wapi, isipoikuta inaendelea kusoma uga unaofuata na unaofuata. Weka X"00" mwishoni kabla hujatuma, au tuma na urefu kama parameta ya pili. Fortran yenyewe inatuma urefu wa neno kimyakimya, kompaila nyingi zinauweka mwishoni kabisa mwa orodha ya parameta, hauuoni kwenye programu lakini upo, kwa hiyo fankisheni yako ya C inapokea kitu kimoja zaidi ya ulivyohesabu. Tena gfortran, kompaila ya Fortran ya GNU, kuanzia toleo la 8 ilibadilisha ukubwa wa ule urefu, toka int ikawa size_t, ambayo kwenye mashine za biti 64 ni kubwa zaidi, programu zilizokuwa zinadhani ni int zikaanza kuyumba.

Ukitumia Fortran ya kuanzia kiwango cha 2003, tumia bind(C) na iso_c_binding, vifaa vya Fortran vya kuongea na C, usione uvivu, vinakuondolea nusu ya maumivu haya pamoja na lile suala la jina, maana bila hivyo gfortran inalibadilisha JUMLA kuwa jumla_ lenye mstari chini mwishoni, linka analikosa na wewe unaliona liko pale. Amri ya nm itakuonyesha majina halisi. Arei za Fortran zinaanza 1 na zinajazwa safu wima kwanza, C inaanza 0 na inajaza safu mlalo kwanza, Cobol na OCCURS yake, yaani jedwali lake, iko kama C kwenye mpangilio lakini inahesabu kuanzia 1. Jedwali la tani kwa mwezi na kwa shamba likivuka bila kugeuzwa mwezi unakuwa shamba, na jumla kuu inabaki sahihi, ndiyo maana hakuna anayeshtuka.

Lingine dogo, ukiita programu ya Cobol mara nyingi kutoka kwenye C, WORKING-STORAGE, sehemu inayokaa vigeu vyake, haianzi upya, jumla ya mtu wa kwanza inaendelea kwa wa pili. Weka vigeu hivyo LOCAL-STORAGE, ambayo inaanza upya kila inapoitwa, au uvisafishe mwenyewe mwanzoni. Na ukitokea C, ita cob_init ya GnuCOBOL kwanza, ndiyo inayoiandaa Cobol. Kwenye meinifremu ya IBM utakuta rejista 1 inaelekeza orodha ya anwani, na anwani ya mwisho ina biti yake ya juu kabisa imewashwa kuonyesha orodha imeishia hapo, na herufi A kule kwa heksa ni C1, siyo 41 kama huku kwetu.

Kwa hiyo kabla hujaandika hata mstari mmoja wa hesabu, fanya kama nilivyomwelekeza yule kijana. Andika programu mbili tupu, moja inatuma na nyingine inapokea na kuchapisha, basi. Usitume 0 wala 1 peke yake, tuma 16909060, kwa sababu kwa heksa ni 01 02 03 04, kila baiti ina sura yake. Ikifika 16909060 songa mbele. Ikifika 67305985 baiti zimepinduka, kwa maana hiyo ni 04 03 02 01. Ikifika namba inayobadilika kila ukiendesha umepokea anwani. Programu ikifa angalia anwani iliyoguswa, ukikuta 0x1020304 umetuma namba kwa anayengoja anwani. Halafu ongeza uga mmoja mmoja, kila ukiongeza printi baiti, chora mistari kwa biro. Kijana wetu alikuwa ametuma BY CONTENT akidhani ni BY VALUE, aliliona ndani ya dakika kumi, akaniomba ile karatasi yangu ya zamani aipige picha.