Okidi hunuka au hunukia?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kakamega. Katika jarida la klabu yetu ya mazingira niliandika: "Okidi nyingine hunuka usiku ili kuvutia nondo ambazo huzichavusha." Mwenzangu amepiga mstari chini ya "hunuka" na "ambazo". Je, nimekosea?

Jibu: Mwenzako ana haki. Nondo anayeruka ni mdudu, kwa hivyo upatanisho wake ni wa A-WA: nondo huyu, nondo hawa. Nondo hizi ni vyuma vya fundi wa ujenzi, na sidhani ulitaka vichavushe chochote.

Kosa la kwanza ndilo lenye utamu. "Kunuka" kikisimama peke yake humfanya msikilizaji azibe pua: choo kinanuka, soksi zinanuka. Ukikitia kiambishi cha kauli ya kutendea unapata "kunukia", nacho kimejitengea harufu nzuri: pilau inanukia, asumini inanukia. Zaidi ya hayo, kauli hiyo hukuruhusu kumtaja anayefikiwa na harufu, kama tunaposema "pilau inaninukia" tukiwa bado getini. Hapo lugha inaafikiana vizuri na somo lako, kwa kuwa okidi humnukia nondo. Okidi za namna hii aghalabu huwa na maua meupe, na harufu yao huzidi giza likiingia. Nondo huifuata, akaingiza mrija wake katika kijifuko chembamba chenye nekta, na anapoondoka huwa amebandikwa vibonge vya chavua, ambavyo huvifikisha kwenye ua jingine. Kijifuko cha okidi ya Madagaska iitwayo Angraecum sesquipedale hufikia takribani sentimita 30. Mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin alisema kwamba lazima yuko nondo mwenye mrija wa kiasi hicho. Nondo wa Madagaska mwenye mrija huo alipewa jina la kisayansi mwaka 1903, Darwin mwenyewe akiwa amefariki miaka 21 kabla.

Kuna jambo ambalo mwenzako amelipita. Kwa kuwa nondo ni kiumbe hai, kitenzi hudai kiambishi cha mtendwa, yaani "kuwavutia nondo", si "kuvutia nondo". Mimi ningeandika: "Okidi nyingine hunukia usiku na kuwavutia nondo wanaozichavusha."